Magari yenye nembo tofauti, msitu ni ule ule

Mwezi huu maswali mengi ya wasomaji yametoka Kigoma na machache Tabora, na karibu yote yanazunguka jambo moja: hawa watu wa taasisi, watafiti na mashirika wanaokuja kwetu kwa jina la uhifadhi, wanashirikiana vipi, na sisi wanakijiji tuko wapi humo. Nimeyafupisha kidogo tu, maneno ni yenu wenyewe.

Habari za kazi. Huku kwetu wiki hii linakuja gari la misitu, wiki ijayo la wanyamapori, mara watafiti wa chuo, mara shirika. Kila mmoja anaitisha kikao, anapitisha karatasi ya mahudhurio, anauliza maswali yale yale ya kuni, maji na sokwe. Wananchi wamechoka. Kwa nini wasikae wao kwanza, halafu waje mara moja? (Mjumbe wa serikali ya kijiji, Uvinza)

Mjumbe, wananchi wako wana haki ya kuchoka, hilo naliweka mbele kabla ya yote. Ila tuangalie kwanza kwa nini wako wengi hivyo. Sheria zetu zimeigawa nchi vipande vipande na kila kipande kina msimamizi wake: Gombe, Mahale na Katavi ni hifadhi za taifa ziko TANAPA, mapori ya akiba kama Moyowosi yako TAWA, misitu ya serikali kuu ni TFS, kuna misitu ya halmashauri, halafu kuna ardhi ya kijiji ambayo mnaisimamia nyie wenyewe kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Utafiti wa wanyamapori uko TAWIRI, wa samaki uko TAFIRI, na maji ya mito yana bodi yake ya bonde la Ziwa Tanganyika. Sasa sokwe hajui hata kimoja kati ya hivyo. Anaamka kwenye msitu wa halmashauri, anakula matunda kwenye ardhi ya kijiji, anaenda kulala bondeni sehemu nyingine kabisa. Na sokwe wengi wa Tanzania hawako ndani ya hifadhi za taifa, wako huko nje, Masito, Ugalla, Tongwe, kwenye miombo mikavu ambako inabidi watembee eneo kubwa sana ndo washibe. Kwa hiyo TANAPA wakilinda Gombe na Mahale hata kwa asilimia mia, bado kazi kubwa inabaki nje ya geti.

Moto nao ni hivyo hivyo. Mtu anasafisha shamba mwezi wa nane, upepo unabadilika, moto unatoka kwenye ardhi ya kijiji A unaingia msitu wa kijiji B unapanda mpaka kwenye hifadhi, na majani yamekauka kiasi kwamba hamna wa kuuzima. Ukitaka kuuzuia lazima vijiji vyote viwili, halmashauri na TFS wakubaliane kuchoma mapema, mwezi wa tano au wa sita majani yakiwa bado na unyevu, kwa ratiba moja. Taasisi moja ikifanya peke yake ni kazi bure.

Hili halikujulikana tangu mwanzo, tulijifunza hapa hapa Kigoma. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960, eneo likawa hifadhi ya taifa 1968, na miaka yote hiyo macho yalikuwa kwa sokwe waliomo ndani. Ni hifadhi ndogo, haifiki hata kilomita za mraba 60. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall akapita juu kwa ndege ndogo akaona msitu umebaki kama kiraka na vilima vya pembeni vyote vimekwanguliwa, watu wamebanana, udongo umechoka. 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE wa kufanya kazi na vijiji, na ninachokipenda kwenye habari hiyo ni kwamba walienda vijijini kuuliza watu wenyewe wanahitaji nini, na watu hawakusema sokwe wala miti, walisema afya, maji, shule. Kazi ikaanzia huko. Miti na misitu ya hifadhi ya vijiji ilikuja baadaye, watu wakiwa wameshaaminiana.

Na ushirikiano ukienda vizuri huwa unaonekana kwa macho kabisa. Picha ya satelaiti kubwa inatandikwa juu ya meza ya ofisi ya kijiji, kona zimewekewa mawe isipeperuke, mtaalamu ananyamaza. Wazee wanaanza kuikagua. Mmoja anafuata kijito kwa kijiti cha fagio mpaka anapofika mahali anasema hapa mmekosea, hiki kinakauka Agosti, maji ya kudumu yako huku juu kwenye mikuyu, na pale ni makaburi yetu, msipachore. Mtaalamu anaandika. Kamera iliyoko angani imeona mti lakini haikujua kaburi wala chemchemi, mzee alijua, na mpango wa matumizi ya ardhi uliotoka hapo unakuwa na vyote viwili. Huo ndo utafiti na serikali na kijiji vikikaa meza moja, mjumbe, sio ile karatasi ya mahudhurio.

Kwa upande wako: mwambie mtendaji awe na faili moja ya wageni wa aina hii. Kila anayekuja aache nakala ya kibali, aseme anatafuta nini, na aandike tarehe ya kurudisha majibu. Akija wa pili na maswali yale yale, mpe faili asome kwanza. Na pelekeni ombi halmashauri kwa maandishi kwamba mnataka ratiba moja ya mwaka ya vikao vya uhifadhi. Wakurugenzi wanalielewa hili, ni vile tu hamna anayewaomba.

Mimi nauza dagaa Kibirizi. Tuliambiwa ziwa linapumzishwa, tukakaa njaa miezi mitatu. Sasa wanatuambia tena tutunze msitu mlimani kwa ajili ya samaki. Msitu na dagaa wangu wanahusiana nini? Na wenzetu ng'ambo je? (Mama Dagaa, Kigoma)

Mama, pole kwa miezi ile, najua mkopo wa kikundi haupumziki hata ziwa likipumzika. Ziwa lilifungwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na sababu ni kwamba mavuno yamekuwa yakishuka kwa muda mrefu na samaki wanavuliwa kabla hawajazaa.

Kuhusu msitu nikujibu kwa ukweli bila kuongeza chumvi. Dagaa mkubwa anaishi maji ya katikati, kwa hiyo mti ukikatwa leo mlimani dagaa hafi kesho. Lakini vilima vyetu vya kando ya ziwa ni mteremko mkali, ukiondoa miti mvua ya kwanza tu ya Novemba inashusha udongo mwekundu mpaka ufukweni, nadhani umeshauona ule ukanda wa maji ya tope unavyotanda. Udongo huo unatua juu ya mawe na mchanga ambako samaki wengi wa pembezoni wanataga na kula, na Tanganyika ina mamia ya aina za samaki ambazo hazipatikani ziwa lingine lolote duniani, nyingi ziko hapo hapo pembeni. Vifaranga vya dagaa navyo vinatumia maji ya karibu na nchi kavu kabla havijaenda kilindini. Halafu kuna kuni: migebuka, wale samaki wa ziwa letu, haikaushwi kwa maombi, inakaushwa kwa moto, na kuni zikiisha mlimani bei yake unaikuta kwenye ndoo yako.

Kuna jingine ambalo msitu peke yake hautalimaliza, ni joto. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, chakula kingi kimelala chini, na kinapanda juu pale upepo wa kiangazi unapoyachanganya maji. Maji ya juu yakizidi joto yanakaa juu tu hayataki kuchanganyika na yale ya chini, chakula hakipandi, dagaa wanapungua. Watafiti walilitoa hilo wazi mwaka 2003, na walilijua kwa sababu kuna watu walikuwa wamepima joto la maji ya ziwa hili tangu miaka ya mwanzo ya 1900 na vipimo vikatunzwa. Hapo ndo unaona kwa nini namtetea mtafiti anayekuja kuchota maji kwenye chupa na kuondoka, ingawa siku hiyo haonekani ameleta kitu.

Ng'ambo: umeuliza swali lenye uzito kuliko yote. Ziwa ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Zilisaini mkataba wa pamoja Juni 2003 pale Dar es Salaam, na kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Kufunga ziwa upande mmoja na mwingine unavua ni kumwonea mvuvi wa upande uliofungwa, mimi nasema hivyo bila kuogopa, kwa hiyo mapumziko haya yana maana pale tu nchi zote nne zinapoingia kwa tarehe zile zile na doria zikafanyika kweli. Vikundi vyenu vya BMU, vile vya kusimamia uvuvi mwaloni, vina haki ya kuuliza kila mwaka: wenzetu wanafunga lini, na nani anahakikisha? Ulizeni kwenye kikao na ombeni jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mfuga nyuki wa Sikonge, nimerithi mizinga ya magogo kutoka kwa baba. Nasikia maneno ya "ushoroba" na "ikolojia ya Magharibi". Nina wasiwasi ni njia ya kutunyang'anya msitu. Niwe na amani? (Mfuga nyuki, Tabora)

Marahaba. Kwa wasioyajua maneno hayo, ushoroba ni njia ya wanyama kutoka eneo moja la hifadhi hadi jingine, na ikolojia ya Magharibi ni nchi ya magharibi ikiangaliwa kama kitu kimoja. Siwezi kukwambia uwe na amani tu, maana wasiwasi wako una msingi. Ugalla ya huko kwenu, sio ile misitu ya sokwe niliyoitaja juu, ilikuwa pori la akiba, 2019 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na hadhi ikipanda masharti nayo yanabadilika: shughuli kama kurina asali zilizokuwa zikifanyika kwa kibali kwenye pori la akiba haziruhusiwi kwenye hifadhi ya taifa. Wafuga nyuki wengi wa Tabora wanalijua hilo kwa gharama.

Lakini usichanganye mambo mawili. Kuangalia nchi nzima ya magharibi kama kitu kimoja ni sahihi na wewe mwenyewe ni shahidi, kwa sababu nyuki wako wanaishi hivyo hivyo. Mto Ugalla unatoka huko kwenu unaingia Malagarasi, Malagarasi unapita kwenye mabwawa makubwa, unakuja Uvinza, unaingia ziwani kwetu Ilagala. Eneo la Malagarasi na Muyovozi ndilo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, Aprili 2000, kilomita za mraba 32,500 na linagusa mikoa kadhaa. Ukikata miyombo Sikonge kwa ajili ya kukaushia tumbaku, mvuvi wa Ilagala anahusika hata kama hamjawahi kuonana. Mti wa mkurungu ukivunwa ovyo kwa mbao Katavi na Uvinza, aliyekata anabeba faida na bonde zima linabeba hasara.

Sasa nani anaamua? Hapo ndo pa kusimama imara. Ushoroba ukipita kwenye ardhi ya kijiji hautakiwi kuchorwa na watu wawili ofisini. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wote ambao ni watu wazima, sio halmashauri ya kijiji peke yake na wala sio mwenyekiti na muhuri wake. Nenda kwenye mkutano huo, wewe na wafuga nyuki wenzako, mkiwa mmeshaandika mizinga yenu iko wapi, mingapi, na njia mnazopita. Dai eneo la ufugaji nyuki litajwe kwa jina kwenye mpango na kwenye ramani. Nimeona mipango mizuri ambapo msitu wa hifadhi wa kijiji umebaki na nyuki humo humo, na kusema kweli mlinzi wa msitu anayezidi mfuga nyuki simjui, maana mzinga wake uko juu ya mti huo huo, moto ukipita anapoteza mzinga, kundi na asali ya msimu kwa mkupuo mmoja. Na mna chuo cha nyuki pale pale Tabora, kiwekeni kwenye mazungumzo, kina wataalamu wanaoweza kuongea kwa niaba yenu kwa lugha ya ripoti.

Niko mwaka wa pili chuo, nyumbani ni Mwamgongo. Watafiti wa nje wamekuwa Gombe miaka zaidi ya sitini, sisi tumebaki kubeba mizigo. Data inaenda wapi? (Mwanafunzi)

Mdogo wangu, nusu ya swali lako nakubali, nusu nakupinga kwa nguvu.

Ninayokubali: matokeo mengi yanachapishwa kwenye majarida ambayo hayafiki Mwamgongo, hapo kando ya Gombe, kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wa sekondari inabidi asome mara mbili. Mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, na wa wanyamapori anapitia TAWIRI pia, na kuwasilisha ripoti ni sehemu ya makubaliano. Kinachokosekana mara nyingi ni hatua ya mwisho, ripoti kushuka kutoka Dar na Arusha mpaka kwenye ubao wa kijiji ikiwa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Hilo lidaiwe kila mahali.

Ninayopinga ni ya kubeba mizigo. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia Gombe usiku wakateka watu wanne waliokuwa kituoni. Waliachiwa baadaye, lakini wageni wakaondoka, na kwa muda mrefu kituo hakikuwa na wanafunzi wa nje. Unajua nani aliendelea kuwafuata sokwe kila asubuhi na kujaza daftari? Watanzania, wasaidizi wa utafiti, wengi ni watu wa vijiji hivi hivi vya kwenu. Bila wao ule mfululizo wa rekodi unaosifiwa dunia nzima ungekatika. Walimjua kila sokwe kwa jina, kwa mama yake na kwa mwendo wake. Mahale nako, Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza 1965 chini ya Toshisada Nishida, na kazi ile imebebwa na Watongwe, wenyeji wa huko, waliokuwa wanaijua milima na mimea kwa majina kabla mtafiti hajafika. Bonde la Issa kule Ugalla, ambako utafiti unaendelea tangu 2005, ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo haki ya kudai ni majina yao yaandikwe kwenye hizo kazi kama waandishi wenza pale walipostahili, na vijana kama wewe wapate shahada za uzamili kupitia data hiyo. Andika barua TAWIRI na kwenye vituo vyenyewe ukiwa na wazo maalumu, mfano ukurasa mmoja juu ya nyani na mashamba ya mihogo Mwamgongo. Usiandike "naomba nafasi". Andika unachotaka kujua na kwa nini wewe wa Mwamgongo utakipata kirahisi kuliko mtu wa London. Hiyo ni nguvu yako na wanaijua.

Kijiji chetu kina msitu wa hifadhi na kamati. Mradi ulikuwa unatupa buti, simu za kurekodia na posho ya doria. 2025 ukasimama ghafla kwa sababu ya fedha za nje. Doria zimelegea, watu wa mkaa wameanza kurudi. Tufanyeje? (Katibu wa kamati ya msitu, Kigoma)

Katibu, hili limenikaa moyoni tangu nilisome. Misaada ya Marekani ilisitishwa Januari 2025 na ilipofika Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa, na huku magharibi fedha hizo zilikuwa zinabeba kazi kubwa ya misitu na sokwe. Sio nyie peke yenu, na hata huko Marekani kwenyewe wamepitia. Mwaka 2009 serikali yao ilianzisha mtandao wa ushirikiano wa uhifadhi, ukaja kuwa na maeneo 22, kila eneo linakutanisha idara za serikali, majimbo, makabila ya asili, vyuo na mashirika wapange pamoja bila kujali mipaka. Wazo zuri, ramani nzuri, watafiti wazuri. Kuanzia 2017 serikali iliyofuata ikaondoa fedha na mengi ya maeneo hayo yakalala. Yaliyosalimika ni yale ambayo washirika wenyewe waliona hawawezi kuishi bila hiyo meza wakachanga.

Kwenu sasa. Angalieni kwanza mnacho nini ambacho mradi haukuondoka nacho: msitu uliopimwa, ramani, sheria ndogo zilizopitishwa, na kamati iliyochaguliwa. Hivyo ni vyenu kisheria. Hakikisheni sheria ndogo zimeidhinishwa na halmashauri, maana bila idhini hiyo faini yenu mahakamani haisimami. Chukueni nakala za data za simu zile kabla hazijapotea, ombeni kwa waliokuwa wasimamizi wa mradi mpewe kwenye flashi na kwenye karatasi, ni doria zenu na miguu ni yenu.

Doria ya kila wiki mtaishindwa bila posho, msijidanganye. Fanyeni chache lakini pale penye njia za mkaa na miezi ya kiangazi, na kubalianeni na kijiji jirani mpishane. Ombeni afisa misitu wa wilaya na TFS wajiunge kwenye hizo chache, watu wa mkaa wanaogopa zaidi kamati ikiwa na mtu mwenye mamlaka ya kukamata. Kuhusu fedha, ushuru na faini za msitu wa kijiji ni mapato ya kijiji, mkutano mkuu unaweza kutenga fungu la doria, liwe dogo ila la kudumu. Kama mna COCOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, zilizoanzishwa na mradi, zitakuwa bado zinatembea, wekeni mfuko wa jamii wa msitu humo. Kuna na biashara ya hewa ukaa (kaboni), yaani kijiji kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa hiyo: vijiji 8 vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinapata mapato kupitia mradi wa milima ya Ntakata, vimejenga zahanati na madarasa. Ila mkataba wa kaboni ni wa miaka mingi, kwa hiyo atakayekuja na kalamu mwambieni asubiri, kwanza tumeni watu wawili kwa basi mpaka Mpanda na huko vijijini wakaongee na kamati zao, waulize zinalipwaje, nani anapima miti, na kijiji kikichoka kinatokaje. Wakirudi wasome majibu kwenye mkutano mkuu. Halafu mniandikie walichokikuta, nitakichapisha hapa kwa ajili ya kamati nyingine.